Kioo hakitiririki, kinajipanga: uzee wa vioo katika ngazi ya atomi

Mwalimu wa fizikia anayehamia Arusha kutoka Dar es Salaam au Tanga hukutana mapema na jambo linalomtia shaka. Anachemsha maji maabara, anatumbukiza kipimajoto cha zebaki, na zebaki inagoma kufika 100. Inasimama karibu na 95. Wengi huhitimisha kwamba kifaa kimezeeka, wakaomba kingine. Lakini mji huu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka mapema. Hata Moshi, iliyo chini zaidi, hayafiki 100. Kinachonivutia katika mkanganyiko huo ni kwamba kipimajoto kinaweza kweli kuzeeka, ila uzee wake hujitokeza upande wa pili kabisa: kilichokaa miaka mingi husoma juu ya kiwango halisi, wala si chini yake. Kwa hiyo anayetaka kujua umri umekifanya nini kipimajoto chake asihangaike na maji yanayochemka. Akitie katika barafu safi inayoyeyuka, kwa kuwa mwinuko hauathiri kiwango hicho kwa kiasi cha kuonekana, kisha atazame sifuri imehamia wapi.

James Prescott Joule, ambaye jina lake limepewa kizio cha nishati, alilifuatilia jambo hilo kwa uvumilivu ambao siku hizi hakuna mfadhili angeulipia. Tangu 1844 hadi 1882 alirudia kupima sifuri ya kipimajoto kimoja, na katika miaka hiyo 38 sifuri ilipanda kwa karibu digrii moja ya Farenhaiti, yaani zaidi kidogo ya nusu ya digrii ya Selsiasi. Sehemu kubwa ya mabadiliko ilitokea katika miaka ya mwanzo. Baadaye mwendo ulipungua, lakini haukukoma waziwazi. Zebaki haikuwa imeongezeka. Kilichobadilika ni tungi dogo la kioo lililoihifadhi, ambalo lilipungua ujazo polepole likiwa katika joto la kawaida la chumba, bila mtu kulipitisha kwenye moto.

Atomi za tungi hilo zilikuwa zikifanya nini kwa miaka yote hiyo?

Jibu linalosikika mitaani, na ambalo baadhi ya waongoza watalii hulirudia mbele ya majengo ya zama za Wajerumani, ni kwamba kioo ni kimiminika kizito kinachotiririka taratibu, ndiyo maana vioo vya madirisha ya kale huwa vinene upande wa chini. Hadithi ni tamu, lakini hesabu inaikataa. Mwaka 1998 Edgar Zanotto wa Brazili alionyesha kwamba muda unaohitajika ili kioo cha dirisha kitiririke kwa kiasi cha kuonekana katika joto la kawaida unapita umri wa ulimwengu kwa mbali mno. Baadaye kundi la John Mauro nchini Marekani lilitengeneza kioo chenye mchanganyiko wa kemikali kama wa madirisha ya enzi za kati ya Westminster Abbey, likapima mnato wake, yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka, na kukuta kwamba hata katika miaka bilioni moja kingesogea kwa kiasi cha nanomita moja hivi. Unene usio sawa wa vioo vya kale ulitokana na jinsi vilivyotengenezwa kwa kupulizwa na kukunjuliwa, na fundi aliamua mwenyewe upande mnene ukae wapi. Tungi la Joule, basi, halikutiririka. Lilijipanga, na kujipanga huko ni tendo la aina nyingine.

Tuanze na namna kioo kinavyozaliwa. Kimiminika kikipozwa polepole vya kutosha, atomi zake hupata nafasi ya kupangana kwa utaratibu unaojirudia, na matokeo yake ni fuwele. Kikipozwa haraka kuliko atomi zinavyoweza kupangana, mnato hupanda kwa kasi ya kutisha hadi atomi zinakwama mahali zilipo, na mpangilio wa kimiminika unabaki ndani ya kitu kigumu. Kwa desturi wataalamu huhesabu kwamba kioo kimeshika pale mnato unapofikia paskali-sekunde trilioni moja hivi. Kwa kioo cha kawaida cha chupa na madirisha, hilo hutokea karibu na digrii 550 za Selsiasi, na kwa silika tupu, yaani oksidi ya silikoni peke yake, hutokea karibu na 1,200. Lakini kiwango hicho si mpaka uliochorwa na maumbile kama ule wa barafu kuyeyuka. Ukipoza taratibu zaidi, atomi hupata muda zaidi wa kutafutana, na kukwama kunatokea digrii chache chini. Kwa hiyo vioo viwili vya mchanganyiko uleule vinaweza kuwa na mipangilio tofauti kwa sababu tu kimoja kilipozwa kwa dakika na kingine kwa siku.

Arthur Tool, aliyefanya kazi katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani, alipendekeza njia nzuri ya kulieleza hilo: kila kioo kipewe, pamoja na jotoridi lake la kawaida, jotoridi la pili, lile ambalo kimiminika kilikuwa nalo mpangilio wake ulipokwama. Bilauri iliyo mezani kwangu ina digrii 22, lakini atomi zake zimepangika kama za kimiminika cha mamia ya digrii. Kuzeeka kwa kioo, kwa lugha hiyo, ni kushuka kwa jotoridi la pili kuelekea lile la kwanza. Naipenda tafsiri hii kwa sababu inautenga umri wa kioo na kalenda: kioo kilichotoka kiwandani wiki iliyopita baada ya kupozwa kwa uangalifu kinaweza kuwa mzee kuliko kilichotengenezwa miaka mia iliyopita na kupozwa ovyo.

Mafundi wanaoyeyusha chupa tupu hapa Arusha na kuzigeuza kuwa shanga na glasi wanalijua jambo hili kwa mikono. Kazi ikishamalizika, huirudisha katika tanuri lenye digrii 500 na kitu, kisha huacha joto lishuke kwa saa nyingi. Sababu wanayoitoa ni kwamba kisipopozwa hivyo kitapasuka, nayo ni kweli, kwa maana nje ya kioo ikipoa kabla ya ndani hubaki mvutano unaosubiri kisingizio tu. Lakini ndani ya tanuri hilo kuna mambo mawili yanayotokea pamoja: mvutano unaachiliwa, na mpangilio wa atomi unashuka kwenye hali tulivu zaidi. La kwanza huonekana kwa macho ukikitazama kioo katikati ya vichujio viwili vya mwanga uliopolarishwa. La pili halionekani hivyo, na ndilo lililowachukua wanasayansi muda mrefu kulifikia.

Picha rahisi ni ya debe la mahindi sokoni Kilombero. Mnunuzi anayejua kazi huligonga debe chini, punje zinateremka kwenye nafasi zilizoachwa wazi, na debe linapokea mahindi zaidi. Kwa muda mrefu uzee wa kioo ulielezwa hivyo hivyo: kioo kilichopozwa haraka kina nafasi tupu nyingi kati ya atomi, na kadiri muda unavyopita nafasi hizo zinajifunga na msongamano unaongezeka. Picha hiyo inafaa kwa tungi la Joule na kwa plastiki nyingi. Tatizo ni kwamba punje za mahindi hazijafungamana kwa kemikali, na hapo ndipo mfano unapoishiwa nguvu.

Silika ndiyo inayoonyesha upungufu huo vizuri zaidi. Mwaka 1932 William Zachariasen alieleza kwamba ndani ya kioo cha silika kila atomi ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne zilizokaa kwenye ncha za piramidi ya nyuso nne, umbali wa nanomita 0.16 hivi, kama ilivyo katika fuwele. Ujirani huu wa karibu haubadiliki. Unaweza kukipoza kioo haraka au polepole, ukakiweka miaka mingi, na bado silikoni itakuwa na oksijeni zake nne. Kinachoyumba ni pale oksijeni inapounganisha piramidi mbili: pembe ya kiungo hicho huwa popote kati ya digrii 120 na 180 hivi, nyingi zikiwa karibu na 144. Kutokana na kuyumba huko, piramidi hujiunga katika pete za ukubwa tofauti, wakati katika fuwele pete hufuata kanuni moja. Silika iliyokwama kwenye jotoridi la juu ina pete nyingi zaidi za piramidi tatu au nne, ambazo zimekazana kwa tabu. Ukiipasha chini kidogo ya kiwango chake cha kukwama na kuipa muda, baadhi ya pete hizo hufunguka na kujiunga upya kuwa kubwa zaidi. Mwanga wa leza unaotawanywa na kioo huzitambua pete ndogo kwa mistari miwili ya pekee, hivyo kupungua kwake kunaweza kupimwa.

Jambo linalopinga picha ya debe ni hili: katika silika tupu, kwa masafa makubwa ya jotoridi, iliyokwama juu ndiyo yenye msongamano mkubwa zaidi. Kwa hiyo silika inapotulia hupanuka kidogo. Mtu aliyezoea kusema kwamba kuzeeka ni kubana atakwama hapo, na pengine ni vizuri akwame, kwa sababu anabaki na kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba kuzeeka ni kushuka kwa nishati ya mpangilio, na ujazo hufuata popote mpangilio unapoupeleka.

Ushahidi mwingine kwamba ujazo hautoshi ulitoka kwa André Kovacs wa Strasbourg mwaka 1963. Alitumia polivinili asetati, plastiki ileile iliyomo katika gundi nyeupe ya maseremala. Aliipoza sampuli ghafla, akaiacha izeeke kwa muda katika jotoridi la chini, kisha akaipandisha kwenye jotoridi ambalo ujazo wake ulikuwa sawasawa na ule wa mwisho unaotarajiwa. Kwa hesabu ya kawaida sampuli hiyo haikuwa na sababu ya kubadilika tena, lakini ujazo wake ulipanda kwanza, kisha ukarudi taratibu pale ulipoanzia. Maana yake ni kwamba ndani ya sampuli kulikuwa na sehemu za kasi na sehemu za uvivu, kila moja na historia yake, na wastani wao ulificha tofauti hizo.

Hadi hapo vipimo vyote vilikuwa vya nje: urefu, ujazo, joto linalotoka na kuingia. Kuziona atomi zenyewe zikisogea kulihitaji vioo vya metali na eksirei zenye nguvu za pekee. Kioo cha metali kilipatikana mara ya kwanza mwaka 1960 huko California, pale Pol Duwez na wenzake walipopoza mchanganyiko wa dhahabu na silikoni kwa kasi ya takribani digrii milioni moja kwa sekunde. Hapa hakuna mtandao wa piramidi. Atomi zimesongamana kama mipira ya ukubwa tofauti, na mara nyingi moja huzungukwa na nyingine 12 katika umbo lenye nyuso 20 za pembetatu. Umbo hilo ni tulivu likiwa peke yake, lakini haliwezi kurudiwa na kujaza nafasi bila kuacha mianya. Ndiyo maana linasaidia kuizuia metali isigeuke fuwele. Majaribio ya kompyuta juu ya michanganyiko ya shaba na zirikoni yanaonyesha kwamba kadiri upoaji unavyokuwa wa polepole ndivyo maumbo hayo yanavyoongezeka na kushikana.

Katika maabara ya eksirei ya Ulaya iliyoko Grenoble, Beatrice Ruta na wenzake walirusha miali yenye mpangilio thabiti kama wa leza kwenye utepe wa kioo cha magnesi, shaba na itriamu. Miali hiyo ikipita hutoa madoadoa ya mwanga yanayotegemea mahali halisi pa atomi. Atomi zikisogea, madoadoa yanabadilika, na kasi ya kubadilika kwake inaonyesha kasi ya atomi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuwa na jambo lisilotarajiwa. Katika kimiminika kizito, kumbukumbu ya mpangilio hufifia kwa kuanza haraka kisha kujivuta, kwa kuwa kuna sehemu nyepesi na sehemu nzito. Katika kioo hiki kumbukumbu ilishikilia mwanzoni kisha ikaporomoka. Tafsiri iliyopendekezwa ni kwamba atomi hazikuwa zikitangatanga kila moja kivyake. Zilikuwa zikisukumwa na mvutano uliofungiwa ndani wakati wa kupozwa.

Miaka minne baadaye Valentina Giordano na Ruta walichunguza kioo cha paladi, silikoni na shaba kwa kuunganisha madoadoa hayo na vipimo vya kawaida vya mpangilio. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi inayojibu swali vizuri zaidi, kwa kuwa ilitenganisha matendo mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Tendo la kwanza ni la kufunga nafasi tupu: msongamano unaongezeka, mwendo wa atomi unapungua haraka, na halirudi nyuma. La pili huja nafasi za kufunga zikishapungua: atomi zinaendelea kubadilishana mahali bila msongamano kubadilika, huku utaratibu wa masafa ya kati ukiimarika, yaani ule unaohusu jinsi vikundi vya jirani vinavyokaa kimoja kwa kingine kwa umbali wa upana wa atomi kadhaa. Anayepima ujazo peke yake angesema kioo kimetulia, kumbe ndani bado kuna kazi.

Eksirei zenyewe zilileta somo kali la utafiti. Mwaka 2014 kundi lilelile liliripoti kwamba atomi za kioo cha silika chenye sodiamu husogea kwa dakika tu hata katika jotoridi la chini sana, jambo ambalo halikupatana na uimara wa kioo tunaoufahamu. Mwaka 2017 wao wenyewe walionyesha kwamba katika vioo vya oksidi kasi hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata ukali wa miali. Eksirei zilikuwa zikizisukuma atomi zilizokusudiwa kutazamwa tu. Katika vioo vya metali athari hiyo haikuonekana, hivyo matokeo ya awali yalibaki. Nawaeleza wanafunzi wa kidato cha sita habari hii mara kwa mara, kwa sababu inafundisha upimaji kuliko sura nzima ya kitabu.

Kama eksirei haziaminiki hapo, tunajuaje kwamba vioo vya oksidi huzeeka katika joto la chumba? Tunajua kwa rula, ila rula ya usahihi wa ajabu. Watafiti wa kampuni ya Corning walichukua bamba la Gorilla Glass, kioo cha aina inayofunika simu nyingi, wakalifuatilia kwa mwaka mmoja na nusu, na mwaka 2013 wakachapisha kwamba lilipungua urefu kwa mikromita 10 hivi kwa kila mita. Kwa simu ya mkononi hilo ni kasoro isiyoweza kuonekana. Mwendo wake ulikuwa kama ule wa tungi la Joule: wa haraka mwanzoni, kisha wa kujivuta bila mwisho dhahiri. Mtandao wa silika katika joto hilo umekwama, lakini ioni za alkali, yaani atomi zenye chaji za metali kama sodiamu, zilizo katika mianya yake bado zina uwezo wa kusogea, na zikisogea mtandao unazifuata kidogo. Watengenezaji wa vipimajoto wa Ujerumani katika karne ya 19 waliligundua hilo kwa hasara: kioo chenye sodiamu na potasiamu pamoja kilihamisha sifuri vibaya kuliko chenye moja tu, na Otto Schott alipata umaarufu huko Jena kwa kutengeneza vioo visivyo na tabia hiyo.

Masafa marefu ya muda tunayapata kwenye utomvu. Mwaka 2013 watafiti wa Texas walipima kaharabu, yaani utomvu wa kale uliogumuka, ya Jamhuri ya Dominika yenye umri wa miaka milioni 20, ambayo nayo ni kioo kwa maana ya fizikia, na kukuta msongamano wake umezidi kwa asilimia 2.1 ule iliokuwa nao baada ya kupashwa moto na kufutiwa historia. Mti ulioitoa umetoweka, lakini ndugu yake wa karibu ni msandarusi wa pwani yetu, ambao utomvu wake, uliochimbwa bara na kusafirishwa kupitia Zanzibar, ulitafutwa na viwanda vya vanishi vya karne ya 19. Wafanyabiashara waliitenga sandarusi iliyofukuliwa ardhini na ile mbichi ya mtini, na ya ardhini ilikuwa ghali zaidi kwa sababu ya ugumu wake. Sehemu kubwa ya ugumu huo ni ya kemikali, kwa kuwa molekuli za utomvu huungana na kukauka. Hata hivyo siku mtu akiipima sandarusi kama kaharabu ile ilivyopimwa, nitakuwa wa kwanza kusoma.

Mhandisi havutiwi na uzee huu kama mimi. Kioo cha metali kilichotulia ni kigumu zaidi, lakini mara nyingi huwa chepesi kuvunjika, kwa sababu sehemu zilizolegea, ambazo zingeweza kuteleza na kupokea mkunjo, zimekwisha jifunga. Njia ya wazi ya kukirudishia ujana ni kukipasha juu ya kiwango cha kukwama na kukipoza upya, jambo linaloweza kuharibu umbo au kuleta fuwele. Mwaka 2015 Sergey Ketov na wenzake walionyesha njia nyingine: walikizamisha kioo cha metali katika naitrojeni kimiminika, kwenye digrii 196 chini ya sifuri, wakakirudisha kwenye joto la chumba, na kurudia mara nyingi. Kwa kuwa mpangilio wa ndani haufanani kila mahali, sehemu moja husinyaa kuliko jirani yake, mvutano mdogo huzaliwa kati yao, na atomi zilizokuwa zimetulia hutikiswa kutoka mahali pake. Baada ya mizunguko hiyo nishati ya mpangilio ilipanda, na kioo kikaweza kupinda zaidi kabla ya kuvunjika.